Habari za Bima, na Mzigo wa Hatari katika Ngara na Biharamulo

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo wasemavyo wahenga, na maana yake ni kwamba mzigo usio mgongoni mwako hukuonekea mwepesi. Tumeliweka neno hili mwanzoni kwa kuwa habari tunayotaka kuieleza leo ni habari ya mzigo: mzigo wa hatari, na jinsi ulivyohamishwa kutoka mgongo mmoja kwenda mgongo mwingine katika nchi yetu kwa muda wa miaka sitini.

Sisi tufundishao katika wilaya za Ngara na Biharamulo tumesikia mara nyingi wazazi wakiulizana, hasa inapotajwa bima ya afya, "Bima ni kitu cha nani?" Wengi hujibu kwamba ni kitu cha wenye malori na maduka. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, walakini si ukweli wote; na mtu asiyejua lilikotoka hawezi kujua kama yafaa liendelee kuwa jibu.

Kwanza tuseme bima ni nini. Chukua kijiji chenye nyumba 100, na kila mwaka nyumba moja huungua, nayo hujengwa tena kwa shilingi 500,000. Hakuna ajuaye ni nyumba ya nani itakayoungua. Basi kila mwenye nyumba akitoa shilingi 5,000 kwa mwaka, fedha ya kumjengea yule aliyepatwa hutosha kabisa, wala hapana anayefilisika. Hiyo ndiyo bima, haina uchawi wala siri. Lakini ili isimame, yapasa yawepo mambo matatu. La kwanza, nyumba zote zisiungue siku moja. La pili, mtunza fedha awe mwaminifu, na awepo wa kumkagua. La tatu, shilingi iliyotolewa leo iwe bado ina nguvu siku ile itakapohitajiwa. Msomaji ayashike mambo haya matatu, maana tutayarudia.

Hapo kale watu wa nchi hizi hawakujua neno bima, lakini jambo lenyewe walilijua. Katika vilima vya Bugufi na Bushubi, mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa watu mbalimbali. Hao wakawachunga, wakanywa maziwa yao, wakapata samadi ya migomba. Ugonjwa ulipoingia katika zizi moja, ng'ombe waliokuwa kwa wengine walisalimika. Na yule aliyepewa ng'ombe alikuwa na mtu wa kumkimbilia siku ya njaa. Huu ulikuwa ukubwa na utumishi, tena mara nyingine ulikuwa mzito kwa mtumishi. Lakini ulikuwa pia kinga. Kisha katika miaka ya 1890 ikaja sotoka, ikapita katika nchi za maziwa makuu ikiua ng'ombe huku na huku. Hapo kugawa hakukufaa kitu, maana mazizi yote yaliungua siku moja, kama tulivyosema. Kinga ya jirani humkinga mtu na msiba wa mmoja. Msiba wa wote hauwezi.

Mfano wa pili tunao hata leo, nao ni vyama vya kuzikana. Hakuna haja ya kuvieleza kwa watu wa Kagera, maana kila mmoja wetu amekwisha kubeba kuni au ndizi au mchango wa fedha kwenda kwenye matanga. Wataalamu waliokwenda mwaka 2000 katika kijiji cha Nyakatoke, wilaya ya Bukoba, walizitembelea nyumba 119 wakiuliza kila nyumba humkimbilia nani wakati wa shida. Wakaona jinsi misaada ilivyosukwa kama mkeka, nyumba kwa nyumba. Lakini wakaona tena kwamba walio maskini ndio wenye wasaidizi wachache. Jambo hili latupasa kulikumbuka tunapousifu ujirani. Tena ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliulemea ujirani huo kupita kiasi. Zamani kijiji kilizika mara chache kwa mwaka. Sasa kulikuwa na vijiji vilivyozika wiki kwa wiki, na waliokufa ndio wale wenye nguvu za kulima na kuchangia.

Sasa tuigeukie bima ya kiserikali na ya makampuni. Wakati wa Waingereza bima ilikuwa kazi ya makampuni ya kigeni, mengi yao yakiwa na makao makuu ng'ambo. Yalikata bima za meli, maghala, magari, na maisha ya watumishi wenye mshahara. Mkulima wa kahawa wa Ngara au wa pamba wa Biharamulo hayakumjua. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, likaanzishwa Shirika la Bima la Taifa. Kisha tarehe 5 Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, na katika mwezi huo huo mabenki yakataifishwa, na kazi ya bima ikawekwa mikononi mwa Shirika lile peke yake. Sababu ilikuwa wazi: ada za bima ni akiba ya watu wengi, na haikuonekana haki akiba ya nchi itumike kujenga miji ya nchi nyingine. Zanzibar nayo ikaanzisha shirika lake la bima mwaka 1969.

Lakini yafaa tuone kwamba katika miaka ile bima kubwa ya mkulima haikuwa katika Shirika la Bima. Ilikuwa katika siasa yote ya uchumi. Serikali ilitangaza bei ya mazao kabla ya msimu. Na kwa mazao ya chakula, katika miaka ya 1970, bei ilikuwa moja nchi nzima, kwa aliye karibu na Dar es Salaam na kwa aliye Biharamulo, ingawa gharama ya kusafirisha gunia kutoka huku ni kubwa mno. Matibabu katika hospitali na zahanati za serikali yalikuwa bure. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba hatari ya bei kuanguka, hatari ya umbali, na hatari ya ugonjwa, zote zilikuwa mgongoni mwa serikali. Mkulima hakulipa ada ya bima, walakini alikuwa amekatiwa bima.

Tusiseme kwamba alikatiwa bure. Alilipa kwa bei ndogo ya mazao yake ya biashara, na kwa kungoja. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi yake ikapewa mamlaka za mazao. Wakulima wengi walipewa vipande vya karatasi wakangoja fedha zao miezi mingi. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini wakati huo hazina ya nchi ilikuwa imekwisha kukauka. Mafuta yalipanda bei, bei za mazao duniani zilishuka, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza fedha nyingi. Mwenye kubeba mzigo wa wote alikuwa amechoka.

Ndipo likaonekana lile jambo la tatu tulilolitaja, yaani nguvu ya shilingi. Katika miaka ya 1980 bei za vitu zilipanda kwa kadiri ya 30 katika kila 100 kwa mwaka. Tufanye hesabu ya mfano, kama tufanyavyo na wanafunzi ubaoni. Mwalimu alikata bima ya maisha mwaka 1974, ya shilingi 20,000, kwa muda wa miaka 20. Mwaka ule dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na kidogo; basi bima yake ilikuwa na thamani ya dola kama 2,800, fedha ya kumjengea mtu nyumba nzuri. Akatoa ada yake kila mwezi bila kukosa. Mwaka 1994 muda ukatimia, naye akapewa shilingi zake 20,000 kamili, hata senti haikupungua. Lakini mwaka huo dola moja ilikuwa shilingi zaidi ya 500. Fedha yake ikawa na thamani ya dola kama 40 tu. Aliyeahidi hakuvunja ahadi. Ahadi ilioza yenyewe ndani ya hati. Watu wengi wa makamo wasiotaka kusikia neno bima hawakulichukia kwa ujinga. Walijifunza katika shule hiyo.

Wala si Tanzania peke yake. Katika Urusi, serikali ilipoacha bei zijipandie mnamo Januari 1992, watu waliokuwa wamelipia bima za maisha katika shirika la serikali miaka mingi waliona akiba zao zikiyeyuka katika muda wa miezi. Yatufundisha kwamba hapana awezaye kutengeneza bima katika nchi ambayo fedha yake haijatengenezwa kwanza. Bima ni ahadi ya muda mrefu, na fedha ndiyo kalamu iandikayo ahadi hiyo.

Basi nchi yetu ikaanza mageuzi. Tutayapanga kwa miaka yake, maana katika kuyapanga ndipo lionekanapo jambo ambalo hatulioni tukilitazama moja moja. Mwaka 1986 serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, ikaanza mpango wa kuufufua uchumi. Shilingi ikapunguzwa thamani, na bei zikaanza kuachwa huru. Mwaka 1991 sheria iliruhusu mabenki ya watu binafsi. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Katika msimu wa 1994 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa kwa wakulima. Na mwaka 1996 Bunge likapitisha Sheria ya Bima, iliyoondoa upweke wa Shirika la Bima la Taifa, ikayafungulia mlango makampuni binafsi, na kuweka msimamizi wa kuyaangalia.

Tazameni sasa, wasomaji. Kati ya 1986 na 1996 serikali ilishusha mzigo wa bei, na mzigo wa umbali, na sehemu ya mzigo wa ugonjwa. Mzigo ulioshushwa haukupotea. Uliwekwa mgongoni mwa mkulima. Na katika muda huo huo soko la bima likafunguliwa, kana kwamba aliyetwishwa mzigo naye ataweza kwenda sokoni kutafuta wa kumsaidia. Lakini soko lile na mkulima yule hawakukutana. Huu ndio moyo wa habari yetu.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho asimame Nyakanazi, katika wilaya ya Biharamulo, zigawanyikapo njia. Malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita hapo, yakaendelea Lusahunga na kuingia Ngara, mengine yakielekea Rusumo na Rwanda, mengine Kabanga na Burundi. Lori lina bima, na shehena ina bima. Tena kwa mapatano ya kadi ya manjano, yaliyofanywa na nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, dereva akimgonga mtu ng'ambo ya mpaka, fidia hulipwa huko huko. Kando ya barabara hiyo hiyo pana shamba la migomba na kahawa, ambalo ndilo chakula, na ada ya shule, na mahari, na dawa ya nyumba nzima. Shamba hilo halina bima ya aina yo yote. Bima ilifuata lami na benki. Haikuingia kwenye vichochoro vya migombani.

Na misiba haikukawia. Mapatano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika Julai 1989, na bei ikaanguka kadiri ya nusu. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana mkoani Kagera, ukaenea. Mgomba ulioshikwa na mnyauko haukatwi jani ukapona. Hung'olewa, na ardhi hupumzishwa. Nani atamchangia nani, ikiwa mashamba ya kijiji kizima yamenyauka? Ni ile sotoka tena katika sura nyingine.

Wako wasemao kwamba kosa lilikuwa kuyaruhusu makampuni binafsi, na wako wasemao kwamba kosa lilikuwa kuitaifisha bima hapo kwanza. Sisi twaona pande zote mbili zaangalia mwenye duka badala ya mizani. Majirani zetu wa Kenya hawakuitaifisha bima yote. Waliacha makampuni mengi yafanye kazi pamoja na la serikali. Hata hivyo kampuni ile ya serikali, Kenya National Assurance, ilianguka mwaka 1996. Na mwaka 2005 kampuni ya watu binafsi, United Insurance, iliyokatia bima magari mengi ya abiria, ikawekwa chini ya msimamizi kwa kushindwa kulipa. Moja la umma, moja la binafsi, na yote mawili yakawaacha wenye hati mikono mitupu. Kilichokosekana ni jicho la kukagua mapema. Kwa sababu hiyo twaihesabu kuwa hatua njema Sheria ya Bima ya mwaka 2009, iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, yenye kazi ya kuhakikisha kwamba anayepokea ada leo atakuwa na fedha ya kulipa kesho.

Lakini kwa nini makampuni hayakuja shambani? Tusiwalaumu bila kuwasikiliza. Wakala akisafiri kutoka Ngara mjini hadi kitongoji cha mbali kukagua nusu eka ya mahindi, nauli yake yaweza kuipita ada yote ya mkulima. Tena kampuni haijui kama mahindi yamekufa kwa jua au kwa kutopaliliwa. Tena ukame ukija huja kwa wote, na kampuni ndogo yaweza kufilisika kwa msimu mmoja. Dawa ya tatizo hili la mwisho ni bima ya wenye bima, yaani kampuni ndogo kukata bima kwa kubwa; na kwa kazi hiyo iliundwa Tan-Re, iliyoanza mwaka 2004. Dawa ya yale mengine mawili ni kupima mvua badala ya kupima kila shamba: mvua ikipungua chini ya kiasi kilichoandikwa, wote wa eneo hilo hulipwa bila mkaguzi kufika. Na mwaka 2023 makampuni kadha wa kadha yaliungana kubeba kwa pamoja bima ya kilimo. Huku ni kujifunza lile ambalo sotoka ilitufundisha: msiba wa wilaya nzima hubebwa na nchi nzima, au na nchi nyingi.

Katika ugonjwa njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kujaribiwa Igunga, na sheria yake ikapitishwa mwaka 2001; watumishi wa serikali nao wakapata Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mfuko wa jamii ulipotengenezwa upya tangu 2018, nyumba ya watu sita ilitoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Ni fedha ndogo kuliko gharama ya upasuaji mmoja. Walakini wengi hawakujiunga, au walijiunga siku ya kuugua na kuacha walipopona. Na wengine waliacha kwa sababu walifika zahanati na kadi mkononi wakaambiwa dawa hakuna. Bima ya namna hii ina mtego wake: wazima wasipotoa, fedha haitoshi, fedha isipotosha, dawa hukosekana, dawa zikikosekana, wazima huona wamefanya vema kutotoa. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayokusudia kila mkazi awe na bima, na wasiojiweza walipiwe na mfuko maalumu. Wakati ilipokuwa ikijadiliwa, waliokuwa na bima ya afya walikuwa kama 15 katika kila watu 100.

Sheria yaweza kumwamuru mtu atoe, haiwezi kumwamuru aamini. Imani ya chama cha kuzikana haikuletwa na sheria. Ililetwa na jambo dogo: kila mchangiaji aliona kwa macho yake kwamba siku ya msiba wa mwenziwe jeneza lilinunuliwa na wageni walikula. Basi wale wenye kutengeneza bima ya nchi wakitaka imani ya mkulima wa Rulenge au wa Nyakahura, njia ni hiyo hiyo: dawa iwepo siku ya homa, fidia ifike kabla ya msimu wa pili, hesabu zisomwe mbele ya watu, na shilingi isiachwe ioze.

Na sisi wenye kutoa tuna wajibu wetu. Tusiikatae bima kwa sababu ya hati zilizooza zamani, wala tusiipokee kama kondoo. Mtu akiletewa hati, aulize maneno matatu: Je, msiba huu wawapata wachache au wote, na kama ni wote, nani mkubwa atakayeubeba? Je, nani humkagua mtunza fedha? Je, fedha nitakayopewa itanunua nini siku ile? Asiyeweza kujibu maneno hayo, awe wa serikali au wa kampuni au wa kikundi cha kijijini, hajawa tayari kupokea ada yetu.

Ahadi ni deni. Serikali iliyomshushia mkulima mzigo wa hatari ilibaki na deni la kumwonyesha wa kumsaidia kuubeba. Na mkulima asiyetaka kumchangia mwenziwe akiwa mzima ana deni lake pia. Mzigo huu si kanda la usufi, na jirani peke yake amekwisha kuonyesha mara mbili, wakati wa sotoka na wakati wa UKIMWI, mahali nguvu zake zinapokoma.